Zebaki Ndani ya Mafuta ya Biharusi

Bi Time alikuwa mtengenezaji wa singo. Pale mtaani Kiponda kila mtu alimjua.

Kila asubuhi, baada ya chai, aliketi uani mbele ya kinu chake. Alitwanga mawaridi makavu, langilangi, mrehani na karafuu kidogo. Liwa, kigogo cha mti unaonukia, aliisaga pembeni, juu ya jiwe, kwa maji ya mawaridi. Harufu ilipanda ngazi mpaka ghorofa ya juu. Jirani akiisikia alisema, "Wiki hii kuna harusi."

Singo ni ya kusugulia mwili. Biharusi husuguliwa siku kadhaa kabla ya harusi, mpaka ngozi yake iwe laini na inukie. Bi Time alifunzwa kazi hii na mama yake, na kinu pia alikirithi kwake.

Alikaa na binti yake, Faiza. Mume wa Faiza aliitwa Amour. Alikuwa fundi umeme katika hoteli moja Jambiani. Alirudi mjini kila Alkhamisi na kuondoka Jumamosi. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana, jina lake Shadya.

Singo ya Bi Time haikuwa na ubaya wowote. Ubaya uliingia miaka minne iliyopita.

Wakati huo maharusi walianza kuja na simu zao. Walimuonesha picha za wanawake wenye nyuso nyeupe.

"Bi Time, nataka ning'are kama huyu."

"Mwanangu, singo hailengi kubadili rangi. Singo inalainisha."

"Basi nitakwenda kwa mwengine."

Wawili walikwenda kwa mwengine kweli. Wa tatu alipokuja na picha yake, Bi Time alivaa buibui akaenda Darajani. Muuza vipodozi mmoja alimfunulia ndoo ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na mafuta mazito, meupe yanayoelekea rangi ya majivu. Ndoo haikuwa na maandishi yoyote.

"Changanya kijiko kimoja na mafuta yako," alisema muuzaji. "Wiki moja tu, utaona mwenyewe."

"Kimo nini humu?"

"Vitu vya kung'arisha, bimkubwa. Ila mwambie mtu avue dhahabu zake kwanza. Haya hayapatani na dhahabu."

Bi Time hakuuliza kwa nini. Alifungiwa kopo moja, akarudi nyumbani.

Yule biharusi aling'ara. Wageni walimsifu, na wakamsifu aliyempamba. Baada ya hapo wanawake walikuwa wakija hata kutoka Bububu. Bi Time aliyaita yale "mafuta ya biharusi".

Aliyeyachanganya ni Faiza. Aliyakoroga jikoni kwa mkono wake, ndani ya kile kinu, kwa kuwa kilikuwa kipana. Wakati huo alikuwa na mimba ya Shadya. Yaliyobaki kinuni mama na binti walijipaka usoni, maana waliona si vizuri kuyatupa. Mikono waliifuta kwenye kanga zao. Shadya alipozaliwa, alifunikwa kwa kanga hizo hizo.

Alizaliwa mzima, na uzito mzuri. Alicheka mapema. Lakini alipotimia mwaka, mambo yalianza kubadilika. Alilia sana bila ya sababu. Usingizi wake ulikuwa wa kukatika katika. Viganja vyake na nyayo zake zilikuwa nyekundu, na ngozi ya ncha za vidole ilibambuka. Watoto wa rika lake walikwishaanza kuita "mama" na "baba". Shadya hakuita mtu.

Alipofika mwaka mmoja na nusu, Faiza alimpeleka kliniki kwa chanjo. Bi Time alifuatana nao.

Muuguzi wa kliniki aliitwa Riyama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiyependa haraka.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Riyama aliishika mikono ya Shadya. Aliigeuza, akaitazama kwa muda mrefu.

"Vidole hivi vimeanza lini kubambuka?"

"Sasa miezi mitatu," alisema Faiza.

"Ameanza kusema?"

"Bado."

"Nyumbani mnakula samaki gani? Wale wakubwa, kama papa na nduwaro, au wadogo?"

"Wadogo zaidi. Dagaa na vibua."

"Vizuri. Na kuna mtu nyumbani anaetumia mafuta ya kung'arisha uso? Au mkorogo wowote?"

Faiza alifungua mdomo kujibu. Bi Time alimtangulia.

"Hatutumii. Sie ni watu wa singo. Hayo mambo mengine hatuyajui."

Riyama alimtazama Bi Time. Uso wa bimkubwa ulikuwa mweupe kuliko shingo yake.

"Bimkubwa, siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa ajili ya mtoto."

"Nshakujibu, mwanangu."

Riyama aliandika "hapana" kwenye kadi. Aliwapa barua ya kwenda kwa daktari wa watoto, akamwomba Faiza amrejeshe Shadya baada ya mwezi mmoja.

Njiani Faiza alisema, "Mama, kwa nini hukumwambia? Mie nnakoroga mafuta yale kila wiki."

"Unataka mji mzima useme Bi Time anapaka watoto wa watu sumu? Na mafuta ya uso yana nini na ulimi wa mtoto? Babu yako alianza kusema akiwa na miaka mitatu."

Faiza aliitia barua ya Riyama mkobani. Hawakwenda kwa daktari wa watoto. Mwezi ulipopita hawakurudi kliniki.

Miezi saba ilipita namna hiyo.

Walimsomea Shadya dua, na kumsomea si kosa. Walimlambisha asali. Mama yake Amour, kule Jambiani, alisema mtoto amepatwa na jicho. Amour akija Alkhamisi alimkalisha mwanawe mapajani. "Sema baba. Ba-ba." Shadya alitazama pembeni. Akipewa kikombe, mikono ilimtetemeka na chai ikamwagika. Alinyonya mpaka akatimia miaka miwili. Faiza alimwachisha, na bado hakuwa na neno hata moja.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, mtu alipiga hodi.

"Karibu," aliitikia Bi Time.

Aliyeingia ni Mwanakheir, binti wa mtaa wa Malindi, pale pale mjini. Bi Time alikuwa amempamba mwaka uliopita. Mwanzoni hakumtambua. Uso ulikuwa umevimba, macho yamekuwa madogo. Miguu nayo ilikuwa imejaa, na kamba za viatu zilikuwa zimeacha alama.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Masikini, mwanangu, una nini?"

Mwanakheir aliketi kwenye mkeka. Alitoa karatasi ya hospitali na kikopo kidogo. Bi Time alikijua kikopo kile. Alikijaza kwa mkono wake mwenyewe.

"Figo zangu zinaumwa," alisema Mwanakheir. "Wamenipima mkojo, wameona una zebaki nyingi."

"Zebaki ndiyo nini?"

"Hata mie nilikuwa sijui. Ni yale madini ya majimaji, yanayong'ara, yaliyomo ndani ya kipimajoto cha zamani. Ni sumu. Wanaotengeneza mkorogo huitia kwa sababu inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Daktari kaniambia nimpelekee mafuta ninayopaka. Nikasema kabla sijayapeleka, nije kwako nikuulize. Kimo nini humu?"

"Sijui, mwanangu."

"Umenipaka mwili mzima, na hujui?"

Wakati ule Shadya alitoka chumbani. Alikuwa akitembea kwa kuyumba, mkono mmoja ukutani. Mwanakheir alimtazama. Alivitazama vile vidole vyekundu.

"Bi Time," alisema polepole, "daktari aliniuliza mara mbili kama nna mtoto mdogo ndani ya nyumba. Anasema mtu mzima anaumwa figo. Mtoto anaumia ubongo."

Faiza alikuwa kasimama mlangoni. Alisikia kila neno. Alimbeba mwanawe, akarudi naye ndani.

Asubuhi ya pili yake, kliniki ilipofunguliwa, Bi Time alikuwa wa mwanzo kwenye benchi. Faiza alikaa pembeni yake na Shadya mapajani.

Riyama aliwaita.

Bi Time aliweka kopo la mafuta mezani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uliniuliza, nikasema hapana. Nilisema uongo. Haya tunayapaka. Tunayakoroga ndani ya nyumba. Tokea huyu yumo tumboni."

Riyama hakumkaripia. Alivaa glavu, akalifunga kopo ndani ya mfuko wa plastiki. Kisha akavuta kiti karibu.

"Ahsante kwa kusema, Bi Time. Sasa nitawauliza mambo, na mnijibu yote. Tunataka kujua hatari ni kubwa kiasi gani. Ili tujue, lazima tujue kitu chenyewe ni nini, kimetumika kwa muda gani, kimeingia kwa njia gani, na nani amekipata akiwa na umri gani."

"Muda ni karibu miaka mitatu," alisema Faiza. "Mie nnakoroga kwa mkono. Kila wiki."

"Na Shadya mlimpaka?"

"Hata siku moja! Mtoto tunampaka mafuta ya nazi tu."

"Zebaki haimngoji mtu apakwe, Faiza. Ulipokuwa na mimba, iliingia kwenye ngozi yako, ikaingia kwenye damu, ikamfikia tumboni. Ulipomnyonyesha, kidogo ilipita kwenye maziwa. Ukimshika na mikono ina mafuta, inabaki kwake, naye anatia vidole mdomoni. Inakaa kwenye kanga, shuka na mito. Na nyengine inapanda hewani. Haina harufu na haionekani. Mtoto anaetambaa sakafuni anaivuta."

Bi Time aliuliza, "Sote tumo nyumba moja. Mbona mie naweza kusema, nakwenda, nafanya kazi zangu?"

"Hujapimwa bado, huenda nawe imekudhuru. Lakini ubongo wako ulikwishajengwa zamani. Wa mtoto unajengwa sasa. Unaanza kujengwa tumboni, na miaka ya mwanzo ndiyo kazi inakwenda mbio. Chukua ukuta. Chokaa ikishakauka, mvua kubwa inapiga na ukuta unasimama. Mvua hiyo hiyo ikipiga chokaa ingali mbichi, inaondoka nayo. Na mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo sumu kidogo kwake ni nyingi."

"Kwa hiyo kutosema kwake ni kwa sababu ya mafuta yetu?"

"Siwezi kuapa. Mtoto anaweza kuchelewa kusema kwa mambo mengi. Masikio yake lazima yapimwe. Lakini vidole hivi, kutetemeka, kilio, usingizi mbaya, na mafuta haya ndani ya nyumba, vyote vinaelekea sehemu moja. Tutapima mkojo wenu nyote watatu. Mafuta yatakwenda maabara."

Faiza aliuliza lile aliloogopa kuliuliza.

"Zebaki ikitoka mwilini, atakuwa kama wenziwe?"

"Ikiacha kuingia, mwili utaitoa polepole. Vidole vitapona. Usingizi utarudi. Ubongo wa mtoto una nguvu ya kujifunza, na sisi tutausaidia. Lakini kuna madhara mengine hayarudi nyuma. Hatujui kwake ni kiasi gani. Tutajua kwa kumfuatilia."

"Na ile miezi saba?" aliuliza Bi Time. "Ningelisema siku ile?"

Riyama alimgeukia.

"Angelipata zebaki kidogo kuliko aliyoipata, Bi Time. Nikikwambia miezi saba si kitu, nitakuwa nakudanganya."

Bi Time aliinamisha kichwa. Hakulia. Alikuwa akiutazama mguu wa Shadya uliokuwa ukining'inia.

Riyama aliwaeleza la kufanya siku ile ile. Wasipake tena. Wasiyatupe mafuta jaani, wala wasiyachome moto, kwa sababu yakichomwa sumu inapanda hewani. Wayafunge kwenye mifuko, wayaweke mbali na watoto, mpaka maofisa wa afya waje kuyachukua. Nyumba isifagiliwe kwa ufagio mkavu. Ipigwe deki, na madirisha yawe wazi. Na mtoto asikae humo mpaka kazi iishe.

Amour alikuja siku ile ile, ingawa haikuwa Alkhamisi. Faiza alimweleza kila kitu. Alisikiliza amesimama, funguo za kazi zingali kiunoni. Kisha alikwenda kwa mama mkwe wake.

"Mama, mie sina la kukwambia. Ningekuwa na hasira ningesema. Nitamchukua mwanangu na mama yake, tunakwenda Jambiani mpaka nyumba isafishwe."

"Wachukue, baba."

"Ila nataka kujua kitu kimoja. Kila nikija nilikuwa namwambia sema baba, sema baba. Nyie mnanitazama. Ulikuwa hukumbuki lile suali la kliniki?"

"Nilikuwa nalikumbuka," alisema Bi Time.

Amour alitikisa kichwa, akaenda kufunga nguo.

Maofisa wawili wa afya walikuja na Riyama. Walivaa glavu na barakoa. Walichukua makopo yote. Walichukua mataulo, mito na godoro la Shadya. Kisha Riyama alisimama mbele ya kinu.

"Mlikorogea humu?"

"Humo."

"Mbao imekunywa, Bi Time. Kuosha hakutasaidia."

"Kilikuwa cha mama yangu."

"Najua. Pole."

Bi Time alikibeba mwenyewe mpaka kwenye mfuko. Riyama alifunga mdomo wa mfuko kwa kamba.

Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu. Mafuta yalikuwa na zebaki mara elfu kadhaa zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Mkojo wa Faiza ulikuwa nayo nyingi. Wa Bi Time pia, na figo zake zilikwishaanza kudhurika. Wa Shadya ulikuwa nayo, na kwa mtoto wa umri wake ilikuwa nyingi mno. Masikio yake yalipimwa, yakaonekana mazima. Daktari wa watoto alimpima presha, figo na mishipa ya fahamu. Alisema kwa sasa dawa kubwa ni kumweka mbali na zebaki. Akipimwa tena na isishuke, wataangalia dawa nyengine. Kwa bahati, ilianza kushuka.

Bi Time alikaa nyumbani peke yake wiki nzima baada ya majibu. Watu wa harusi walipiga simu, hakupokea. Siku Faiza aliporudi kutoka Jambiani kuja kuchukua nguo, alimkuta mama yake ameketi uani, mbele ya pahala palipokuwa na kinu.

"Nawahesabu," alisema Bi Time. "Maharusi niliowapaka. Nimefika ishirini na sita. Wengine bado wanayatumia, wanachukua kwangu kila mwezi. Na wengi wao sasa wana watoto."

Faiza alikaa chini.

"Utawaambia?"

"Lazima niwaambie. Nitamuacha nani mwengine akae miezi saba?"

Faiza aliushika mkono wa mama yake. Ulikuwa ukitetemeka kidogo, na sasa alijua kuwa ni zebaki.

"Mama, usijibebeshe peke yako. Siku ile na mie nilikuwa na mdomo. Riyama alinitazama mie, mama wa mtoto. Ningeweza kusema. Ningeweza kurudi kesho yake bila ya wewe. Nilinyamaza. Tutakwenda sote."

Walianza Kiponda, wakaenda Malindi, Mkunazini, mpaka kwenye majumba ya Michenzani. Walipanda ngazi, wakapiga hodi. Bi Time alisema maneno yale yale kila mlango. "Mafuta niliyokupaka yana zebaki. Ni sumu. Yanadhuru figo zako, na yanadhuru ubongo wa mtoto, aliyezaliwa na aliyemo tumboni. Usiyatumie tena. Usiyatupe, yafunge, nenda nayo kliniki ukapimwe. Nimekosa. Nisamehe."

Wengine walimsamehe pale pale. Mama mmoja alimwambia, "Mtu mzima hovyo," akafunga mlango. Msichana mmoja alicheka. "Mie mbona sijaona ubaya wowote? Kama huuzi tena, sema tu." Bi Time alirudi kwake mara tatu. Mara ya tatu msichana alimpa kopo, lakini hakumtazama usoni.

Michenzani, ghorofa ya nne, mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye mimba ya miezi minne. Uso wake ulikuwa uking'ara kwa mafuta. Aliposikia maneno yale alishika tumbo.

"Mwanangu keshaumia?"

"Sijui, mwanangu. Mie sijui, na ubaya wangu ulianza hapo, kuwapaka watu kitu nisichokijua. Wanaojua wako kliniki. Vaa buibui, twende sasa hivi."

Walishuka ngazi pamoja, Bi Time akitangulia. Riyama alimpima mwanamke yule siku ile ile. Mwanamke aliuliza kama atakapojifungua asimnyonyeshe mtoto. Riyama alimwambia, "Usiamue hilo peke yako. Ukiacha mafuta leo, mwili unaanza kujisafisha leo. Maziwa ya mama yana faida kubwa. Tutakupima, na daktari atakushauri." Alijifungua mtoto wa kiume. Riyama anamfuatilia, na mpaka leo hajaona kasoro kwake.

Maofisa walikwenda Darajani kumtafuta muuzaji wa ile ndoo. Walikuta pahala pake panauzwa kandambili. Aliyekuwepo alisema hamjui.

Kwa hiyo Riyama huwafundisha wanawake wenyewe jinsi ya kujilinda. Mafuta yasiyo na maandishi yasinunuliwe. Maandishi yakiwepo, yasomwe. Yakitaja zebaki au merkuri, yaachwe. Yakionya kuwa yasiguse dhahabu au fedha, yaachwe, kwani zebaki hushika dhahabu na fedha na kuziharibu. Na samaki wasiachwe, kwani ni chakula kizuri kwa ubongo wa mtoto. Ila mama mwenye mimba na mtoto mdogo wapewe zaidi samaki wadogo. Papa na nduwaro huishi miaka mingi na kula samaki wengi, kwa hiyo hukusanya zebaki mwilini.

Bi Time amerudi kwenye singo. Amenunua kinu kipya. Wanaokuja si wengi kama zamani. Akioneshwa picha ya simu husema, "Hiyo si kazi yangu." Mwanakheir bado anatibiwa figo. Bi Time humpelekea chakula Malindi kila Ijumaa. Mwanakheir hukipokea. Mazungumzo yao si marefu.

Shadya alirudi Kiponda baada ya miezi miwili. Ngozi ya vidole ilikwishapona. Analala vizuri. Kikombe anakishika bila ya kumwaga. Miezi sita baada ya mafuta kuondoka, mkojo wake ulionekana safi.

Kusema kulikuja polepole sana. Kila siku, asubuhi na jioni, Bi Time na Faiza hukaa naye kama walivyofundishwa na mtaalamu wa usemi. Wanashika kitu, wanakitaja, wanangoja. Wanashika tena, wanataja tena, wanangoja. Ndimu. Kijiko. Paka. Bi Time huwa hachoki. Wakati mwengine Faiza humkuta anafuta macho kwa ukaya wake wa kichwani, huku anasema, "Ki-ji-ko. Haya, mama. Ki-ji-ko." Amour alipoitwa "baba" kwa mara ya mwanzo, kwa simu, alimwomba bosi wake ruhusa akapanda gari ya mjini hapo hapo.

Wiki iliyopita walimpeleka kliniki. Sasa ana miaka mitatu na miezi miwili. Riyama alimpima uzito na urefu. Kisha alichukua ile orodha ya maneno ambayo Faiza huandika nyumbani, akaihesabu kwa ncha ya kalamu, akaandika jumla.

"Arubaini. Mashaallah. Mara ya mwisho yalikuwa kumi na tisa."

Faiza alicheka kwa furaha. Bi Time hakucheka.

"Na wenziwe, Riyama? Wa umri wake wana mangapi?"

"Bi Time, tusimlinganishe."

"Niambie. Nataka kujua."

"Wana mamia. Wanaunganisha sentensi."

Bi Time alitikisa kichwa polepole. Alimshukuru kwa kumwambia ukweli.

Shadya alikuwa amechoka kukaa. Alishuka kwenye kiti, akaenda mlangoni, akausukuma. Ulikuwa mzito. Aligeuka, akamtazama bibi yake, akasema wazi wazi, "Twende."

Wote watatu walitazamana.

"Hilo halimo kwenye karatasi," alisema Faiza.

Riyama alilikata neno "arubaini" kwa kalamu. Juu yake akaandika "arubaini na moja". Bi Time aliinuka, akamshika mjukuu wake mkono, akamfungulia mlango.